Milia, Kutu na Ukungu: Uhakiki wa Istilahi za Magonjwa na Wadudu wa Nafaka

Makala haya yanakusudia kuyapima majina ya Kiswahili yanayotumiwa kwa magonjwa ya majani na wadudu waharibifu wa nafaka, yaani shayiri, ngano, mahindi, mtama na jamaa zake. Hatukusudii kuongeza orodha nyingine ya maneno juu ya orodha zilizopo. Swali letu ni moja tu: je, jina tulilompa mkulima linamwongoza kwenye tiba iliyo sahihi, au linampeleka dukani kununua kitu kisichomfaa? Kwa maoni yetu hiki ndicho kipimo cha kwanza cha istilahi ya kilimo. Vipimo vingine, vya ufasaha na vya sarufi, vina haki yake, lakini hufuata nyuma.

Tumechagua kuanzia Kipalapala, kilomita chache kutoka mjini Tabora. Jina la Kipalapala linajulikana kwa wasomaji wa Kiswahili kutokana na kiwanda cha uchapaji cha Kanisa Katoliki, ambacho herufi zake, TMP, zilipigwa kwenye majalada ya vitabu vingi katika karne iliyopita. Mahali kitabu kinapochapwa ndipo neno linapoacha kuwa mali ya mtu mmoja na kuwa mali ya wote. Zaidi ya hayo, Tabora, au Unyanyembe ya zamani, ndipo njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilipogawanyika, moja ikienda Ujiji na nyingine kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba bidhaa na maneno pamoja. Nafaka nazo zilisafiri kwa njia hiyo: katika karne ya 19 Waarabu wa Unyanyembe walilima ngano na mpunga pale pale kwa ajili ya chakula chao.

Kweli, shayiri yenyewe si zao la Tabora. Makao yake kwetu ni nyanda za juu za Kaskazini, na kwa jirani zetu wa Kenya ni sehemu kama Mau Narok na Timau, ambako hulimwa kwa ajili ya viwanda vya bia. Lakini istilahi haina mipaka ya mkoa. Neno likishatiwa katika kijarida cha shayiri huko Kaskazini, mfasiri mwingine atalichukua na kulitia katika kijarida cha mahindi au cha mpunga, na mwalimu wa Tabora atalifundisha darasani. Kwa hiyo kosa la mahali pamoja huwa kosa la nchi nzima.

DUMUZI NA SCANIA

Tuanze na mfano wa Tabora wenyewe. Mwaka 1981 ilitangazwa kwamba katika mkoa huu ameonekana mdudu ambaye hakuwa amepata kujulikana Afrika, ambaye wataalamu humwita Prostephanus truncatus. Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Ni mdudu mdogo, urefu wake haufiki nusu sentimita, lakini hutoboa punje ya mahindi na kipande cha muhogo mkavu mpaka kikabaki unga mtupu. Tukumbuke ya kuwa mahindi yenyewe, ingawa jina lake linayatangaza kuwa ni ya Wahindi, asili yake ni Amerika hiyo hiyo. Zao lilitangulia, na adui wake akalifuata baada ya karne kadhaa. Kutoka Tabora alifuata biashara ya nafaka: mwaka 1983 alikwisha onekana Taveta nchini Kenya, na mwaka 1984 alionekana Burundi.

Wananchi hawakungoja kamati. Walimwita Scania, kwa jina la malori makubwa ya Kiswidi. Ukilichukua jina hilo kuwa ni la nguvu ya gari, linafaa. Ukilichukua kuwa ni la shehena zilizokuja zimembeba mgeni huyu, linafaa vile vile. Hatimaye jina lililosimama vitabuni ni dumuzi, nalo ni fupi, lina sauti ya Kiswahili, na halihitaji maelezo ya gari.

Faida ya kuwa na jina la pekee ilikuwa kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mkulima alikwisha mjua fukusi, mdudu wa ghalani wa siku zote. Laiti dumuzi angaliitwa "fukusi mkubwa" au "fukusi mpya", mkulima angaliendelea na dawa yake ya zamani. Lakini wadudu hawa wawili hawafi kwa sumu moja kwa kiwango kile kile. Pirimifosi-methili humweza fukusi vizuri kuliko inavyomweza dumuzi, na permethrini humweza dumuzi kuliko fukusi. Ndiyo sababu unga uliopendekezwa kwa wakulima ulichanganya vyote viwili. Majina mawili yalilingana na wadudu wawili, na wadudu wawili walilingana na sumu mbili. Hapa istilahi ilifanya kazi yake.

Hata hivyo, katika ushauri ule ule mlikuwa na mtego wa lugha. Desturi ya wengi ilikuwa kuhifadhi mahindi yakiwa bado katika magunzi. Unga wa dawa hauwezi kupenya vizuri humo, na kwa hiyo wakulima walishauriwa kuyapukuchua kwanza, kisha kuyachanganya na dawa. Sasa, kupukuchua ni kutoa punje kwenye gunzi, na kukoboa ni kutoa kumbi au ganda la punje. Mahali pengine watu hutumia kukoboa kwa kazi zote mbili, na mfasiri asiye mwangalifu huandika kukoboa bila kusita. Mkulima wa mahali pengine akisoma "koboa mahindi kabla ya kuyahifadhi" anaweza kuelewa kwamba ayapeleke mashineni. Kitenzi kimoja kimegeuza ushauri mzima.

KUTU NA MILIA

Katika majina ya magonjwa ya majani, hapana lililo zuri kuliko kutu. Mkulima wa shayiri au ngano akipitisha kidole juu ya jani lenye ugonjwa, kidole hutoka na vumbi la rangi ya chuma kilicholiwa. Jina linampa kipimo papo hapo. Upungufu wake ni kwamba kutu ya chuma huzaliwa na unyevu juu ya chuma kile kile, haiambukizi jirani, ambapo kutu ya nafaka ni kuvu ambalo mbegu zake hupeperushwa na upepo kuvuka mipaka ya nchi. Kutu ya shina iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, ikaja kujulikana duniani kwa jina la Ug99, ilivuka mpaka wa Kenya na kufika Ethiopia katika miaka michache. Kwa hiyo kijarida chochote kitumiacho neno kutu kiongeze sentensi moja: kutu hii huruka.

Matata huanza tunapozigawa kutu. Kuna kutu ya shina, kutu ya majani, na kutu ya tatu ambayo madoa yake ya manjano hujipanga kwa mistari kufuata mishipa ya jani. Hii ya tatu wafasiri huiita kutu ya milia. Kwa macho tu, jina hili halina kosa. Lakini neno milia limekwisha kuchukuliwa. Kwa mkulima wa mahindi wa Tabora, Dodoma au Morogoro, milia ni ugonjwa wa mahindi ambao majani huwa na mistari myembamba ya rangi hafifu na mmea hudumaa. Ugonjwa huo hauletwi na kuvu. Huletwa na kirusi kinachochukuliwa na wadudu wadogo warukao, wafyonzao utomvu wa majani. Haya si mageni kwetu. Mtaalamu H. H. Storey, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba miongoni mwa wadudu hao wako wawezao kuchukua ugonjwa na wako wasioweza, na kwamba uwezo huo hurithiwa.

Tofauti hii si ya maktaba. Dhidi ya kutu ya milia, mkulima anaweza kupanda mbegu yenye ukinzani, na ikibidi anyunyize sumu ya kuua kuvu. Dhidi ya milia ya mahindi, sumu ya kuvu haifanyi kitu. Kinachofaa ni mbegu yenye ukinzani, kupanda mapema, na kung'oa miche iliyougua mapema. Basi mkulima aliyesikia kwamba "milia hutibiwa kwa kunyunyiza" atatoa fedha yake, atanyunyiza, na mahindi yake yataendelea kudumaa. Hakudanganywa na muuza dawa. Amedanganywa na sisi tulioandika neno moja kwa mambo mawili.

Tunapendekeza kwamba neno milia liachiwe mahindi, ambako limekwisha ota mizizi, na kutu ya ngano na shayiri iitwe kutu ya manjano. Rangi ni dalili iliyo wazi kama mistari, nayo haigombani na jina la mtu.

UKUNGU, KUVU NA UBWIRI

Neno lililobebeshwa mzigo mzito kuliko yote ni ukungu. Ukungu ni mvuke unaotanda asubuhi. Ukungu ni uoza mweupe juu ya mkate wa juzi. Ukungu, katika vijarida vya kilimo, ni karibu kila ugonjwa unaokausha majani. Tuchukue sentensi kama hii: "Usinyunyize dawa wakati wa ukungu." Mwandishi alikusudia asubuhi yenye mvuke, kwa sababu majani yakiwa yamelowa dawa huchuruzika. Msomaji anaweza kuelewa kwamba ugonjwa ukishaingia asinyunyize kabisa. Sentensi ni fasaha, sarufi haina dosari, na shamba limepotea.

Kwa viumbe vyenyewe vinavyoleta magonjwa haya tunalo neno kuvu, na hatuoni sababu ya kuliacha. Ukungu ubaki kwa hali ya hewa, na kwa uoza wa chakula katika mazungumzo ya nyumbani. Ugonjwa uitwe kwa jina lake.

Mfano wa jina zuri la namna hii ni ubwiri unga. Watu wengi walilizoea kutoka kwa wakulima wa korosho wa Kusini, ambao tangu miaka ya 1970 na 1980 wamepambana na ugonjwa huo kwa unga wa salfa. Unga unaonekana juu ya jani, na neno unga limo katika jina. Shayiri nayo hupatwa na ubwiri unga, na hapana haja ya kulitungia jina jingine. Lakini hapa pia tahadhari inahitajika. Kuvu la korosho si kuvu la shayiri. Moja haliambukizi zao la mwingine. Kwa hiyo jina likamilishwe daima: ubwiri unga wa shayiri, ubwiri unga wa mkorosho. Kumwachia msomaji nusu ya jina ni kumfanya aogope mti usio na kosa.

SHAYIRI ILIYOUNGUA

Kuna ugonjwa wa shayiri ambao majani yake hutokwa na mabaka ya kijivu yenye ukingo wa kahawia, kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Lugha za Ulaya zimeuita kwa tamathali hiyo, na wafasiri wetu wameandika "kuungua kwa majani". Kwa mkulima wa Kiswahili, majani yaliyoungua ni majani yaliyochomwa na jua kali au na mbolea iliyozidi. Akisoma jina hilo atapunguza mbolea, au atangoja mvua. Mvua ndiyo hasa inayoueneza ugonjwa huu, kwa sababu matone yake hurusha mbegu za kuvu kutoka jani hadi jani. Hali kadhalika kuvu hilo hukaa katika mabua yaliyobaki shambani. Linalotakiwa ni kubadilisha mazao, kufukia mabaki, na kutumia mbegu safi. Jina limemwelekeza mkulima upande ulio kinyume kabisa.

Neno bakajani limekwisha kuzoeleka kwa magonjwa ya nyanya na viazi. Tunaona ni jema kulifanya neno la ukoo kwa magonjwa yote ya kuvu yanayotia mabaka katika majani. Huu wa shayiri tungeuita bakajani babuko, kwa kuwa ngozi iliyomwagiwa maji ya moto hubabuka, na neno la kwanza linamkumbusha msomaji kwamba ni ugonjwa wala si jua. Ule mwingine wa shayiri, ambao mabaka yake yana mistari iliyopitana kama nyavu, tungeuita bakajani wavu.

Tukilikubali neno la ukoo, tusichukue na makosa yake. Katika nyanya na viazi tunasoma bakajani wahi na bakajani chelewa. Maneno wahi na chelewa yametoka katika majira ya nchi za baridi, ambako ugonjwa mmoja ulitangulia na mwingine ulikuja mwishoni mwa msimu. Kwetu, katika nyanda zenye baridi na mvua, huo uitwao chelewa unaweza kufika mmea ukiwa bado mchanga. Mkulima aliyeambiwa kwamba mgeni huchelewa hatafunga mlango mapema.

VIWAVI NA JESHI LAO

Upande wa wadudu, haki inatutaka tusifu panapostahili sifa. Mwaka 2016 ilithibitishwa kwamba kiwavi mwingine kutoka Amerika, Spodoptera frugiperda, amefika Afrika ya Magharibi, na mwaka 2017 alikuwa amekwisha ingia Tanzania. Jina lake la Kiingereza lina neno lenye maana ya majira ya majani kupukutika, ambalo pia lina maana ya kuanguka. Ungekuwa wepesi kumzaa kwa Kiswahili "kiwavijeshi wa kuanguka". Wataalamu wetu hawakufanya hivyo. Waliacha majira ya Marekani, wakatazama tendo la mdudu, wakamwita vamizi. Huu ni ufasiri wa akili.

Tuna maoni mawili tu. La kwanza ni la sarufi. Tunasema wadudu waharibifu, hatusemi wadudu haribifu. Kwa kanuni hiyo hiyo ingefaa kusema kiwavijeshi mvamizi na viwavijeshi wavamizi. Kulivua neno kiambishi chake hakulifanyi kuwa la kitaalamu zaidi.

La pili ni zito zaidi, nalo linahusu neno jeshi. Kiwavijeshi wetu wa asili huja kwa makundi makubwa baada ya mvua za kwanza, mweusi, akitembea mchana kutoka shamba hadi shamba. Jeshi ni jina lake halali. Mgeni huyu kwa kawaida haandamani. Hujificha ndani ya moyo wa mche wa mhindi, na dalili yake ni majani yaliyotobolewa na kinyesi kilicho kama unga wa mbao. Mkulima anayengoja kuliona jeshi hataliona. Dawa nayo lazima ielekezwe ndani ya moyo wa mche, tena mapema, viwavi wakiwa bado wadogo. Hatupendekezi kulibadili jina ambalo limekwisha enea. Tunapendekeza kwamba kila palipoandikwa viwavijeshi wavamizi paongezwe maneno haya: hawaandamani, hujificha.

DAWA AU KIUATILIFU?

Hatimaye tufike kwenye neno ambalo tumelitumia wenyewe mara nyingi katika makala haya, yaani dawa. Dawa humponya mgonjwa. Kile kinachochanganywa na mahindi ya ghalani humuua dumuzi, na kikitumiwa vibaya kinaweza kumdhuru mtoto. Kwa neno moja tumeweka rafu moja chupa ya kikohozi na kopo la sumu. Neno kiuatilifu, ambalo kitenzi ua kimo mwanzoni mwake, linaonya kwa sauti yake, na limekwisha kubaliwa hata katika jina la Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020.

Wako watakaosema kwamba mkulima hasemi kiuatilifu, husema dawa, na kwamba kumlazimisha ni ukaidi wa ofisini. Hoja hii ina ukweli, na mfano wa Scania unatufundisha kuusikiliza ulimi wa wananchi. Jibu letu ni kwamba maneno mawili yanaweza kukaa pamoja mpaka moja lilee jingine. Kijarida kiandike "dawa ya kuua kuvu, yaani kiuakuvu", "dawa ya kuua wadudu, yaani kiuawadudu", na jina la jumla liwe kiuatilifu. Baada ya kurasa chache msomaji atakuwa amejua kwamba kiuakuvu hakimwui kiwavi, na kwamba hakuna kati ya hivyo viwili kinachoua kirusi. Neno dawa peke yake haliwezi kumfundisha hayo.

MAPENDEKEZO

Kutokana na tuliyoyaeleza, tunapendekeza yafuatayo kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali:

(a) Jina la ugonjwa au mdudu lionyeshe dalili inayoonekana shambani, lakini lisifiche chanzo.

(b) Kabla ya kutunga jina jipya, mtungaji aulize kama neno hilo halijachukuliwa na zao jingine au na jambo jingine la maisha ya kila siku.

(c) Tamathali ya lugha ya kigeni isifasiriwe mpaka imepimwa kwa majira na desturi za hapa kwetu.

(d) Majina yaliyozaliwa na wananchi yaandikwe na kuhifadhiwa, hata yale ambayo hayatakuwa sanifu, kwa sababu yanaeleza jinsi mkulima alivyomwona adui wake.

(e) Kila kijarida cha kilimo kisomwe kwa sauti mbele ya wakulima wachache kabla ya kupelekwa mtamboni. Wakiulizwa, "Sasa utafanya nini?", jibu lao ndilo litakalotuambia kama istilahi zetu zinafaa.

Pendekezo hili la mwisho ndilo tunalolisisitiza. Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lilipewa kazi ya kukiendeleza Kiswahili ili kitumike katika shughuli zote za umma, na hapana shughuli ya umma iliyo kubwa kuliko kulima chakula. Kituo cha utafiti cha Tumbi kiko nje kidogo ya mji wa Tabora, Kipalapala si mbali, na mashamba ya mahindi yamevizunguka vyote viwili. Mtaalamu, mchapaji na mkulima wa mahali kama hapo wanaweza kukutana kwa asubuhi moja. Tunawaomba wasomaji watuletee majina wanayoyatumia katika sehemu zao, pamoja na maelezo ya dalili na ya dawa, tuyapime pamoja.